Giza Lenye Kanuni: Raha ya Mchezo wa Shujaa wa Usiku Ikitazamwa kutoka Garissa

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekuwa mkarimu kwa tanzu nyingi. Umeupokea utendi, riwaya, tamthilia, ngoma na hata maandishi ya kwenye khanga. Mchezo wa video bado umesimama mlangoni. Aghalabu hutolewa hoja mbili za kuuzuia: kwamba ni kazi ya mashine, na kwamba ni jambo la watoto. Hoja ya kwanza haina uzito, kwa kuwa kitabu nacho ni kazi ya mtambo wa chapa. Ya pili ina uzito mdogo zaidi, kwani ngano pia husimuliwa watoto, na hakuna mhakiki anayeona haya kuzichambua.

Makala haya yanashughulikia tawi moja la michezo hiyo, nalo ni la shujaa wa giza: mtu mwenye uwezo upitao wa kawaida, anayetenda usiku na kuitumia hofu kama silaha. Mfano utakaotumika ni Batman: Arkham Asylum, uliotengenezwa na Rocksteady Studios ya London mwaka 2009 kwa hadithi iliyoandikwa na Paul Dini. Swali ni hili: ni nini kinachoufanya mchezo wa namna hii upendeze? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba chimbuko la raha hiyo ni kanuni zinazolitawala giza. Jibu hilo litapimwa kwa hali ya Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya, ambako giza lina historia isiyoruhusu maneno mepesi.

Nguvu na kizuizi

Wapo wanaodai kwamba mchezaji hufurahia tu kuwa na nguvu asizokuwa nazo maishani. Dai hili lina ukweli, lakini halitoshi. Lingetosha, shujaa asiyeshindika ndiye angependeza kuliko wote. Ilhali mchezo wake ungekinaisha upesi. Fasihi simulizi ya eneo hili ilikwisha kulifahamu jambo hili zamani. Mto Tana unaopita Garissa huingia baharini karibu na Kipini, na jirani na hapo ni Ozi, ambako mapokeo yanaliweka kaburi la Fumo Liyongo. Katika utendi uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Anapofungwa, hangoji misuli imwokoe. Hungoja tupa iliyofichwa ndani ya mkate, kisha hukata pingu huku vishindo vya ngoma vikiimeza sauti ya chuma.

Wasomali wa Kaskazini Mashariki nao wana Dhegdheer, mwanamke mla watu ambaye jina lake lina maana ya mwenye sikio refu. Husikia nyayo za mtu kutoka mbali. Katika mojawapo ya masimulizi yake, kitu kinachochemka humiminwa ndani ya sikio hilohilo akiwa usingizini. Sikio ni nguvu yake na ndilo kaburi lake. Mtoto anayeisikiliza ngano hii hustareheka kwa kugundua kwamba hata kitisho kikubwa kina upenyo.

Batman hana kinga ya Liyongo. Ni binadamu: ngumi anazimudu, lakini risasi chache humwangusha. Zaidi ya hayo, amejiwekea mwiko wa kutoua, na mchezaji hawezi kuuvunja hata akitaka, kwa kuwa vitufe alivyopewa havimpi njia hiyo. Kila tatizo sharti litatuliwe ndani ya uzio huo. Kizuizi ndicho kinachozaa ubunifu wa mchezaji, kama vina na mizani vinavyozaa ubunifu wa mshairi.

Giza kama uwanja

Sehemu bora za mchezo huu ni kumbi pana ambamo watu wenye bunduki hupiga doria. Batman akiwakabili ana kwa ana, hufa. Juu ya kuta, hata hivyo, zimechomoza sanamu za mawe anazoweza kutua juu yake. Kutoka huko hutazama, huhesabu, humnyakua mmoja na kumwacha akining'inia, kisha hutoweka. Wenziwe wakimkuta, tabia yao hubadilika: huitana, hugeukageuka, na mchezaji huonyeshwa jinsi mioyo yao inavyokwenda mbio. Hapa ndipo hofu inapohama. Aliyeingia akiiogopa bunduki sasa ndiye anayeogopwa na wenye bunduki. Msomaji wa Kijumwa ataukumbuka mwisho wa Liyongo: maiti iliyopiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, ikiwazuia watu wa mji kuteka maji kwa siku kadhaa kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba amekwisha kufa. Katika kazi zote mbili, silaha kuu imo katika fikira za adui.

Ustadi wa watunzi unaonekana katika jinsi wanavyozibadilisha kanuni bila kuzificha. Mchezaji akishazizoea sanamu, huzikuta zimetegwa mabomu. Akishazoea kumnyakua mtu kimyakimya, hukuta maadui wamevishwa kola zinazolia mvaaji anapozimia. Hata hivyo hupewa ishara za kutosha, sawa na mtega kitendawili anayetoa maneno yote ya fumbo na kuzuia jibu tu. Si ajabu kwamba hasimu mmoja, Riddler, ametawanya kisiwani humo mitihani 240, mingi ikihitaji mchezaji ayatazame mandhari kwa makini.

Kilele cha mbinu hii ni vipindi vitatu vya Scarecrow, hasimu anayetumia gesi ya kutia hofu. Katika kimojawapo, ushoroba wa kawaida hugeuka polepole kuwa kichochoro ambamo wazazi wa shujaa waliuawa. Kisha Scarecrow, sasa mkubwa kama jumba, humtafuta Batman kwa macho yanayomulika kama kurunzi. Mwanga ndio unaoua, na kivuli ndicho kimbilio. Katika kipindi cha tatu mchezo hujifanya umeharibika, kisha huanza upya nafasi zikiwa zimepinduliwa: Joker ndiye anayempeleka Batman kifungoni. Kwa dakika chache mchezaji hupoteza imani na mashine yenyewe. Watunzi wanathubutu hivyo kwa kuwa wamekwisha kumzoesha kwamba giza lao lina utaratibu.

Giza lisilo na kanuni

Mhakiki aliyeko London anaweza kukomea hapo. Wa Garissa hawezi. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, mwanzoni mwa vita vya Shifta, ilileta mamlaka ya kipekee ambayo hayakuondolewa katika sheria hadi 1991. Ndani ya kipindi hicho kuna mauaji ya Bulla Kartasi mjini Garissa, Novemba 1980, na ya Wagalla, Wajir, Februari 1984. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika chuo kikuu cha mji huo, na mara baada ya hapo kafyu ya jioni hadi asubuhi ikawekwa katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River.

Kwa mintarafu ya historia hii, ni halali kuuliza kama giza linafaa kugeuzwa burudani. Katika matukio hayo mwathiriwa hakuambiwa kanuni, hakuachiwa pa kujificha, wala hakupata nafasi ya kujaribu tena. Mchezo humpa mchezaji vyote vitatu. Johan Huizinga, katika Homo Ludens ya mwaka 1938, alieleza kwamba mchezo hutendeka ndani ya mipaka yake ya mahali na wakati, kwa kanuni zilizokubaliwa. Huko Kaskazini Mashariki, mipaka hiyo ndiyo inayotenganisha burudani na kejeli. Mchezo ambao ungeiga doria na milipuko ya mji unaotambulika, bila mwiko wowote kwa mwenye silaha, ungekuwa kejeli kwa waliofiwa.

Kasoro

Kwa kipimo hichohicho, mchezo huu una kasoro tatu. Ya kwanza ni jicho la upelelezi, ambalo huonyesha watu kupitia ukutani na kuwatenga wenye bunduki kwa rangi. Linasaidia mno hata mchezaji hushawishika kuliwasha muda wote, na giza lililojengwa kwa bidii likafutika. Ya pili ni pambano la mwisho. Joker, ambaye nguvu yake ilikuwa ulimi na kicheko, hugeuzwa pandikizi la misuli. Usawiri wake unavunjika na taharuki inapungua. Ya tatu ni nzito zaidi: mgonjwa wa akili husawiriwa karibu kila mara kama mhalifu. Mahali ambapo ukatili umeacha majeraha ya nafsi, sitiari hii ni ya kizembe, na inawaumiza wasio na hatia.

Hitimisho

Imebainika kwamba mchezo wa shujaa wa giza hupendeza pale udhaifu wa shujaa unapojulikana, kanuni za giza zinapofundishika, na hofu inapoweza kuhamishwa kwa akili. Liyongo na Dhegdheer wanathibitisha kwamba misingi hii si migeni. Leti Arts, kampuni iliyoanzishwa na Wesley Kirinya wa Kenya na Eyram Tawia wa Ghana mwaka 2009, imekwisha kuonyesha kwamba ngano za Kiafrika zinaweza kuwa michezo ya video. Mchezo wa Dhegdheer ungedai mbinu tofauti na ya Arkham: sauti ingetawala badala ya macho, na kila hatua ya mchezaji mchangani ingekuwa hatari. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu jinsi fanani wa Kaskazini Mashariki wanavyoipima hofu mbele ya hadhira ya watoto, kwa kuwa huko ndiko kanuni hizo zilikotungwa kwanza.