Nyasi Ndefu, Hatua za Kimya: Uwindaji wa Mwanzo wa Kiangazi katika Miombo ya Likasi

Kusini mwa Katanga mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili na ukame hushika kuanzia Mei hadi Oktoba, na uwindaji wa swala kuuzunguka mji wa Likasi hufuata mgawanyo huo. Miombo, yaani msitu wa wazi ambao miti yake mikuu, miongoni mwao mutondo na muputu, huuachia mwanga ufike chini na kuotesha nyasi, haifanani Mei na ilivyo Septemba, na tofauti hiyo huamua namna ya kuwinda kuliko silaha inavyoamua. Wengi hushauri kwamba mwindaji mchanga angoje Agosti, nyasi zikishaungua na jicho likaona mbali. Uchambuzi huu unashikilia kinyume chake: majuma ya Mei na Juni, ingawa huleta nyama haba, ndiyo yanayomfundisha mtu kazi yenyewe.

Migodi ya shaba na kobalti, mashamba na uchomaji wa makala vimewasukuma mbali na mji wanyama wakubwa kama korongo na palahala, na hifadhi za taifa za Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, na Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970, ni ardhi ambayo mwindaji hana ruhusa ya kuikanyaga na bunduki. Anayebaki kwa mwenye kibali kinachodaiwa na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 ni hasa kabuluku, ambaye vitabu vya Kiswahili humwita nsya, swala wa kilo 12 hadi 25 hivi anayetembea peke yake au wawili wawili, na penye mabonde mapana huongezeka tohe. Kabuluku hula majani, machipukizi na matunda yaliyoanguka, na maji mengi huyapata katika chakula hicho, kwa hiyo kumvizia kisimani ni kupoteza asubuhi. Tohe hunywa mara kwa mara zaidi, lakini mwezi Mei maji bado yametapakaa kila bonde, hivyo naye hana sababu ya kurudi mahali pamoja. Mbinu ya kungoja, ambayo mwishoni mwa kiangazi humlipa hata mvivu, mwanzoni haimlipi mtu yeyote, na mwanafunzi analazimika kutafuta.

Mahali pa kutafuta ni mipakani. Dembo, bonde tambarare lenye nyasi na udongo unaoshika maji, hukutana na msitu kwa ukingo unaoonekana waziwazi, na swala hutumia pande zote mbili: hula uwandani wakati wa machweo na alfajiri, kisha hurudi vichakani jua linapopanda. Ndani ya msitu wenyewe kuna mipaka midogo zaidi ambayo mgeni huipita bila kuiona, nayo ni vichuguu vikubwa vya mchwa, ambavyo Haut-Katanga inasifika navyo na ambavyo baadhi hufikia mita nane kwenda juu. Udongo wake una madini mengi kuliko ardhi ya jirani, huota vichaka vizito vya mimea ambayo haionekani kando yake, na kabuluku hulala hapo mchana akiwa na kivuli mgongoni na njia ya kutorokea kila upande. Mwindaji aliyefunzwa vizuri hatembei msituni kwa mstari ulionyooka. Hutoka kichuguu hadi kichuguu, na kila kimoja hukizunguka kwa mbali kabla ya kukikaribia.

Msimu huu una zawadi moja ambayo haidumu, nayo ni umande. Usiku wa Mei na Juni huwa wa baridi, hewa nzito hutiririka hadi dembo, na nyasi huamka zimefunikwa matone yanayozipa rangi ya kijivu. Mnyama anapopita huyaangusha matone hayo na kuacha mstari wa kijani kilichokolea, ambao mtu mwenye jua la chini mbele yake huuona toka mbali hata pale ardhi ngumu isiposhika ukwato. Mstari huo hueleza pia wakati, kwa kuwa uliokatwa kabla ya umande kushuka huwa umefunikwa tena. Jua likishapanda alama hii hufutika, na mwanafunzi hubaki na kinyesi, ambacho kikiwa kipya hung'aa kwa unyevu, na vijiti vyenye doa jeusi ambavyo kabuluku huvipaka utomvu wa tezi iliyo chini ya jicho ili kutia alama eneo lake.

Upepo ndio somo gumu kuliko yote, na hapa ndipo wengi hushindwa bila kujua walichokosea. Kiangazini upepo mkuu wa Katanga hutoka kusini-mashariki, na mtu anayeyajua hayo tu hudhani amemaliza. Kumbe alfajiri, kabla upepo huo haujaamka, hewa baridi huteremka polepole toka msituni kwenda dembo, na aliyejificha ukingoni mwa msitu hupeleka harufu yake moja kwa moja kwa mnyama aliye uwandani. Jua likipasha ardhi joto mwendo huo hugeuka, hewa hupanda, na kwa muda fulani kati ya hali hizo mbili hakuna mwelekeo wa kutegemewa hata kidogo. Kifuko cha jivu laini, kinachotikiswa kidogo kila baada ya hatua chache, huonyesha haya yote. Hewa inapozunguka, anayejua kazi yake huketi na kungoja.

Kisha huja hatua zenyewe. Nyasi za Mei hupita kimo cha mtu, na kumwona kabuluku kwa mbali ni bahati. Lakini nyasi hizo bado zina unyevu na hazilii chini ya mguu, na miti haijaangusha majani. Kuanzia Julai hali hupinduka: macho hufunguka, huku sakafu ya msitu ikijaa majani makavu yanayotangaza kila unyayo. Kwa sababu hiyo aliyezoea kuona kwanza hutegemea umbali, na aliyeanzia katika nyasi ndefu hujifunza kusogea kichwa cha mnyama kikiwa chini, kuganda kinapoinuka, na kuvumilia mguu ulionyanyuliwa nusu hadi kishuke tena.

Moto ni njia ya mkato iliyo ya zamani. Majivu yakipoa huchipuka nyasi changa zinazowavuta swala toka mbali, na hilo halina ubaya wowote. Kuwazingira wanyama kwa moto ni jambo jingine, na Mkataba wa London wa tarehe 8 Novemba 1933, ambao Ubelgiji iliutia saini, ulikwisha kupiga marufuku mbinu hiyo. Majaribio ya uchomaji yaliyoanzishwa miaka ya 1930 karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, yalionyesha kwamba moto wa mwisho wa kiangazi huua miche na hatimaye kuugeuza msitu kuwa uwanda wa nyasi, wakati moto wa mapema, unaopita katika nyasi zenye unyevu na kuacha visiwa visivyoungua, huuacha msitu ukiishi.

Silaha ya wengi vijijini ni gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu, ambayo hupoteza shabaha haraka umbali unapoongezeka, hutoa moshi unaoficha kilichotokea, na huchukua muda mrefu kujazwa upya. Kwa hiyo mlio ni mmoja, nao hupigwa nyuma ya bega mnyama akiwa ametoa ubavu, kamwe si akiwa ametazama mbele. Baada yake mwindaji hubaki pale pale aliposimama, akitia alama kwa macho mahali mnyama alipokuwa, kwa kuwa aliyejeruhiwa asipofukuzwa hulala karibu, na anayekimbizwa huvuka dembo nzima kabla ya kuanguka mahali ambapo nyasi za Mei hazimrudishi kwa mtu.