Nani Alifungua Maji?

Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniletea insha yake ya Kiingereza jioni moja, miguu yake bado ina tope la jaruba. Sentensi ya kwanza: "The rice was planted by my mother." Kosa haina. Shuleni watoto wetu huzoezwa sana kuigeuza kauli ya kutenda iwe ya kutendwa. Kuirudisha ilikotoka si sana.

"Mama yako yuko wapi hapa?" nikamwuliza.

Akapitisha kidole. "Yuko mwisho, mjomba."

Mwanamke aliyeinama tangu alfajiri akipandikiza miche, amewekwa nyuma ya mpunga wake mwenyewe! Kijana akaandika upya: "My mother planted the rice." Maneno saba yakawa matano, na mama akatangulia.

Hapa Ndungu, Upareni, ukikuta jaruba lako kavu huligombezi jaruba. Unaufuata mfereji kwenda juu, kuelekea Mto Yongoma yanakotoka maji ya skimu, hadi umkute mwenye jembe aliyeyageuza. Kusahihisha kauli ya kutendwa ni mwendo huohuo: unakishika kitenzi, unakiuliza, nani? Sijui raha ya kalamu inayoishinda hii.

Sentensi ya pili: "The water was opened late." Kiingereza cha kufungua maji kinachechemea, nikakiacha kwanza. Nani alifungua? Mpwa wangu akatazama mlangoni, akanyamaza. Nikaelewa. Kauli ya kutendwa huepusha ugomvi, ndiyo maana mihtasari ya vikao vyetu imejaa "iliamuliwa" na "ilikubaliwa". Kiswahili hutuuzia maficho hayo kwa bei ndogo zaidi: mara nyingi herufi moja tu, w, na mtu ametoweka.

George Orwell aliikemea tabia hii katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza. Mwaka huohuo, huku Upareni, wanawake wa Usangi waliandamana kupinga kodi ya mbiru, baada ya wanaume kwa maelfu kumiminika Same mwaka 1945. Ukiandika "kodi ilipingwa" hujasema uongo. Ila wale akina mama walioandamana wameyeyuka.

Hata hivyo sifuti kila kauli ya kutendwa. Chini ya ukurasa kijana alikuwa ameandika kwamba jembe la babu yake liliibwa. Mwizi hajulikani; tungemweka nani mbele? Tena Kiswahili hapa kina utu wa pekee: babu ameibiwa, jirani amefiwa, sisi tumenyeshewa. Aliyeumia ndiye anayeanza, na ndivyo inavyostahili. Sentensi ya jembe nikaiacha ilivyo.

Ikabaki ile ya maji. Kijana aliizunguka kwa muda mrefu, akaikata, akaandika taratibu bila kuniangalia: "I opened the water late."