Nuru katika Usanifu wa Soko la Nafaka la Leeds

Ni rahisi kwa mhakiki wa Soko la Nafaka la Leeds, Uingereza, kutekwa na kuba lake. Jengo hilo lililosanifiwa na Cuthbert Brodrick na kufunguliwa mwaka 1863 lina umbo la duaradufu, na kuta zake za nje ni za mawe yaliyochongwa ncha mithili ya almasi. Hata hivyo, uhakiki unaoishia kwenye umbo hauelezi kwa nini paa lina eneo pana la vioo lililoelekezwa kaskazini. Jibu limo katika biashara yenyewe. Muuzaji hakuleta shehena sokoni. Alileta sampuli, na mnunuzi akazikagua punje kiganjani kwa rangi na ukavu wake. Jua kali lingeipamba ngano hafifu, na kivuli kingeishusha hadhi ngano njema. Mwanga wa kaskazini hubadilika kidogo tu, hivyo huwatendea haki wote wawili. Kwa mantiki hiyo, kuba hilo, lenye nasaba na kuba la chuma la soko la nafaka la Paris lililokamilika mwaka 1811, ni chombo cha kazi kabla ya kuwa pambo.

Ukarabati uliokamilika mwaka 1990 uliligeuza jengo kuwa maduka. Kuba na kuta vilihifadhiwa kwa uangalifu unaostahili sifa. Sakafu, ambayo ndiyo iliyokuwa soko, ikatobolewa katikati. Uamuzi huo ulitanguliza umbo mbele ya matumizi. Nuru iliyokusudiwa kutua viganjani mwa wanunuzi sasa hupitia tundu hilo hadi ghorofa ya chini ya ardhi.