"Moto" na "Nguvu" katika Usukani wa Magari Mazito

Tumepata kusoma tafsiri ya maelekezo ya kutafuta hitilafu katika usukani wa magari mazito ya migodini, nasi tukakwama kwenye fungu moja la maneno: "hitilafu ya nguvu ya mota ya usukani". Kisarufi fungu hilo halina dosari. Dosari yake ni kwamba fundi akilisoma hajui ashike waya au afungue mota.

Katika mengi ya magari hayo usukani husaidiwa na shinikizo la mafuta kutoka katika pampu inayozungushwa na injini. Baadhi yana pampu ya pili, ya dharura, inayozungushwa na mota ya umeme shinikizo la kwanza linapopotea. Injini ikizimika mteremkoni na mota hiyo nayo isiitike, dereva hubaki na usukani mzito usiogeuka. Hapo ndipo neno la mfasiri linapokuwa na uzito.

"Nguvu" imebebeshwa mizigo miwili: umeme unaoifikia mota, na msukumo unaotolewa na mota yenyewe. Mafundi wa gereji zetu, wawe wa Nkome kandokando ya Ziwa Viktoria au wa Dar es Salaam, hawachanganyi mambo hayo. "Moto haufiki" ni hitilafu ya umeme. "Moto upo, nguvu hakuna" ni hitilafu nyingine kabisa.

Upimaji nao unawaunga mkono. Magari mazito kwa kawaida hutumia volti 24. Kipimo hakina budi kuchukuliwa pale waya zinapoungana na mota, tena mota ikiwa kazini. Kwani waya ulioliwa na kutu huweza kuonyesha volti kamili mota ikiwa imepumzika. Volti zikiporomoka, tutazame betri, fyuzi, waya na ethi. Zikisimama imara na pampu ingali inasuasua, ndipo tuigeukie mota au pampu. Tafsiri tuliyoisoma inaita hali zote mbili "nguvu ndogo", na anayeifuata aweza kung'oa mota nzima na kuuacha waya mbovu mahali pake.

Wapo watakaosema "moto" ni lugha ya gereji, na kwamba katika maandishi ya usalama msomaji atadhani gari linaungua. Twakubali. Basi na iandikwe "umeme unaoifikia mota" kwa maana ya kwanza, na "nguvu ya mota" ibakizwe kwa ya pili tu.