Ubao wa Washindi

Chuo cha Mount St. Mary's kiko Emmitsburg, mji mdogo wa jimbo la Maryland, Marekani. Kilianzishwa mwaka 1808, na tangu 2004 kinaitwa chuo kikuu. Wengi wetu huku tusingelisikia jina lake kamwe, lau si Mkenya mmoja, Peter Rono. Tarehe 1 Oktoba 1988 mjini Seoul, akiwa na miaka 21 na bado mwanafunzi wa chuo hicho, alishinda mbio za mita 1,500 za Olimpiki kwa dakika 3 na sekunde 35.96. Mwingereza Peter Elliott alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.19 tu. Habari hizo nilizipata kwa redio, nikiwa nyumbani kwangu chuoni, na kesho yake nilizisoma mbele ya wanachuo wote asubuhi mstarini.

Historia ya michezo ya chuo hicho husimuliwa kama zinavyosimuliwa zetu: jina, mwaka, kikombe. Yumo Rono. Wamo mapacha Kip na Charles Cheruiyot, Wakenya pia. Yumo Fred Carter, aliyetoka hapo akacheza kikapu cha kulipwa. Ndiye aliyekuwa mfungaji mkuu wa Philadelphia msimu wa 1972-73, timu iliposhinda michezo 9 na kushindwa 73. (Kufunga vizuri katika timu ya namna hiyo kwataka moyo, nami ningependa kusoma zaidi juu ya hilo kuliko juu ya vikombe.) Sina ugomvi na majina hayo. Ugomvi wangu ni juu ya yale yanayoachwa.

Mchukue Jim Phelan, mwenye tai ya kipepeo, aliyefundisha kikapu hapo tangu 1954 hadi 2003, misimu 49. Kila amtajaye hutaja ushindi 830, na ubingwa wa vyuo vidogo wa 1962, walipowafunga Sacramento State 58 kwa 57 katika muda wa nyongeza. Ni kweli, na ni sifa kubwa. Lakini michezo yote ilikuwa 1,354. Ondoa 830, zinabaki 524. Mara 524 mtu huyu aliingia chumba cha kubadilishia nguo akakuta vijana wameinamisha vichwa, na ilimlazimu aseme neno. Alisema nini? Hapo ndipo ualimu wake ulipo, na hapo ndipo mwandishi wa sifa hupita mbio. Wala hatuambiwi habari za waliomwajiri, ambao miaka ya mwisho waliona timu ikishindwa mara nyingi kuliko kushinda, wasimfungie mlango.

Na Rono je, ni wa nani? Kabla ya Maryland alisoma St. Patrick's, Iten, ambako Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia, akaishia kuwa mwalimu wa wakimbiaji. Emmitsburg alipokewa na Jim Deegan, kocha wa riadha. Iten wanasema ni wetu, Emmitsburg wanasema ni wetu, na kila upande husimulia kana kwamba upande wa pili ulikuwa kituo cha basi tu. Mimi niliyefundisha walimu naona jambo zito liko katikati: mwalimu mmoja alikubali kumwachia mwingine kijana aliyemlea, na wa pili akampokea bila kuiharibu kazi ya wa kwanza. Kati ya wakuu wa shule ninaowafahamu, wanaoweza hayo hawatimii watano.

Nami simo katika hao. Chuoni kwangu kulikuwa na ubao wa mninga ukutani mwa bwalo, majina yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mtu mpole, mwenye kupima mapigo ya moyo ya kila mkimbiaji kwa saa yake ya mkononi na kuyaandika katika daftari la mazoezi. Miaka mitatu mfululizo tulirudi mikono mitupu kutoka mashindano ya vyuo vya ualimu. Mwaka wa tatu nilimwondolea kazi ya michezo, nikampa ghala la vitabu. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, Mwalimu Mkuu," akaniachia lile daftari mezani.

Mwaka uliofuata, chini ya mwalimu mpya, tulipata kikombe cha mita 1,500. Nilisimamia mwenyewe kuandikwa kwa jina la kijana ubaoni, na chini yake jina la mwalimu mpya. Miezi baadaye, nikipanga makabati, nilifungua daftari. Kijana yule alikuwamo, ukurasa baada ya ukurasa, miaka miwili nzima, pamoja na maneno haya pembeni: asiharakishwe.

Ubao sikuusahihisha. Nilistaafu ukiwa vile vile, na daftari ninalo mimi.