Neno "Zunguka" na Namna Linavyotumika

Yako maneno katika Kiswahili ambayo husemwa kila siku, hata watu hawayaoni tena kuwa yafaa kuchunguzwa. Moja katika hayo ni kuzunguka. Mtoto hulijua kabla hajaanza shule, na mzee hulitumia bila kufikiri. Walakini neno hili likitiwa ovyo katika sentensi ya darasani, huweza kumpoteza mwanafunzi asijue siku hutoka wapi na mwaka hutoka wapi. Kwa hiyo tumeona yafaa kulipima hapa, tuone watu hulitumiaje, na waalimu hulitumiaje.

Twaanza na usemi wa watu wa Kibaha na Kisarawe.

Kwanza, mtu asemapo "nimezunguka" asitaje kitu, maana yake ni kwamba hakupita njia iliyonyoka, au alikwenda huku na huko. Atokaye Kibaha kwenda Kisarawe, akafuata barabara kuu mpaka Dar es Salaam kisha akapandia njia ya Pugu, atasema, "Leo nimezunguka." Mchuuzi aliyechukua maembe yake Maili Moja tangu asubuhi atasema vivyo hivyo. Katika safari hizo hakuna duara, wala neno halikukosewa. Hata ngoma ya mdundiko, ambayo Wazaramo huicheza huku wakienda, husemwa kuwa yazunguka mitaani.

Pili, likitiwa kiungo cha mtendwa, neno lapata mahali pa kushika. "Mbwa anaizunguka nyumba": hapo nyumba imekaa katikati, na mbwa yuko nje yake akipita pande zote. "Maji yamewazunguka": hapo watu wako katikati na hawana pa kutokea. Tena mtu akisema, "Mwenzangu amenizunguka," hatudhani kwamba mwenzake alimpitia kushoto na kulia kama mwenge. Twafahamu kuwa alipita nyuma yake akamfanyia hila. Na wote wajua kuzunguka mbuyu ni nini: ni kutoa rushwa pasipoonekana na watu. Katika semi hizo zote mna mzungukaji, na mna kitu au mtu anayezungukwa.

Tatu, kuzungusha. Hapa mwendo hutoka kwa mwingine. Mtoto huizungusha pia yake. Mpanda baiskeli huzungusha magurudumu. Mchezaji wa ngoma huzungusha kiuno. Mtu aendaye kudai haki yake, akaambiwa "njoo kesho", na kesho yake akaambiwa "njoo kesho kutwa", husema, "Wananizungusha." Hakukosea, kwa maana miguu ni yake lakini mwendo ni wao. Na ajengaye boma huzungushia shamba lake miti.

Liko na jambo la nne, nalo ndilo tulilolikusudia. Watu hutofautisha kitu kinachozunguka mahali pake na kitu kinachokwenda. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, nayo hupita Pugu, Soga na Ruvu. Mtu wa huko akiitazama treni husema, "Magurudumu yanazunguka, treni inakwenda." Hasemi kwamba treni inazunguka, ila pale inapofuata kona ya kilima. Macho yake yameona miendo miwili, na ulimi wake umeipa maneno mawili.

Basi, tuingie darasani. Huko husikika sentensi ya namna hii: "Dunia huzunguka, ndiyo maana twapata usiku na mchana; tena dunia huzunguka, ndiyo maana twapata mwaka." Mwalimu aisemaye ajua anachokusudia. Lakini mtoto asikiaye amepewa neno moja kwa miendo miwili, asielezwe dunia huzunguka nini, wala huzunguka wapi. Akiulizwa katika mtihani, "Usiku hutokana na nini?" hujibu, "Dunia kuzunguka jua." Mwalimu humtia alama ya kosa. Sisi twaona kosa hilo lilianza ubaoni kabla halijafika katika daftari la mtoto.

Kamusi nazo hazitoshi kumwokoa. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotengenezwa chini ya Frederick Johnson, ikatoka mwaka 1939, imeweka zunguka na vitokeo vyake mahali pamoja, na maana zake zimefuatana kama shanga katika uzi. Kwa mtafutaji wa maana ni msaada mkubwa. Kwa mtunga sentensi haitoshi, kwa sababu haimfundishi ni maana ipi hutaka kiungo cha mtendwa na ni ipi haikitaki. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Na dawa ya jambo hili si ngeni. Tuseme hivi: "Dunia hujizungusha katika mhimili wake mara moja kwa siku. Dunia hulizunguka jua mara moja kwa mwaka." Katika sentensi ya kwanza -ji- yaonyesha kwamba mwendo umebaki katika mwili wa dunia yenyewe. Katika ya pili -li- yaonyesha jua likiwa katikati. Silabi mbili ndogo zimetenga saa 24 na siku 365 na robo.

Labda mtu atasema, "Kujizungusha ni kwa mwenye nia, dunia haina nia." Twamjibu kwamba Kiswahili husema "mlango umejifunga", na hakuna amwaziaye mlango kuwa na nia. Ikiwa bado hapendi, aseme "dunia huzunguka mahali pake", mradi asiache kueleza ni wapi.

Mwalimu anayetaka kuona nguvu ya viungo hivyo na awatoe watoto uwanjani. Mmoja asimame katikati, awe jua. Mwingine amzunguke polepole, na huku ajizungushe. Uso wake ukielekea jua, watoto waseme "mchana". Kisogo kikielekea, waseme "usiku". Yule dunia atashikwa na kizunguzungu kabla hajafika robo ya mwaka, na darasa zima litacheka, lakini halitasahau. Kisha waandike sentensi mbili tulizozitaja, na kila mmoja apige mstari chini ya -ji- na -li-.

Jambo hili si la kiburi cha sarufi. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania elimu hutolewa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na wengi hudai kwamba lugha hii ni maskini, haiwezi kubeba sayansi. Madai hayo hupata nguvu kila mara mtoto anapochanganya siku na mwaka, kwa maana huonekana kana kwamba lugha imemshinda. Lakini mchuuzi wa Maili Moja, mtu aliyezungushwa akidai haki yake, na mtazamaji wa treni pale Soga, wote hutenga maana hizi bila kujikwaa. Lugha inavyo vyombo. Sisi waalimu ndio twaviacha nyumbani tuendapo shule.

Basi, waalimu wenzetu, kila tuandikapo neno hili ubaoni tujiulize maswali matatu: nani azunguka, azunguka nini, na mwendo watoka kwa nani? Sentensi isiyojibu maswali hayo na ifutwe, iandikwe upya, kabla mtoto hajainakili.