Mjanja Asiyesema Uongo

Sisi watu wa mwambao tumelelewa na Sungura na Abunuwasi. Kwetu mjanja ni mnyonge wa mwili, mwepesi wa ulimi, na silaha yake ni uongo. Je, akinyang'anywa uongo huo, hadithi itasimama?

Jaribio hilo wamekwisha kulifanya Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro, juu ya Moshi, katika ngano ya Mrile, aliyoisimulia pia Alice Werner katika Myths and Legends of the Bantu (1933). Mrile aliketi juu ya kigoda cha babaye, akapaa hadi kwa Mfalme wa Mwezi. Huko walikula vyakula vibichi, hawaujui moto. Abunuwasi angeuita moto muujiza wake. Mrile aliuliza waziwazi: nikikupikieni, mtanipa nini? Akapekecha vijiti, chakula kikaiva, akalipwa mifugo.

Yupo atakayesema kuwa ngano imepoa kwa kukosa hila. Nami nilidhani hivyo, hata nikafika mwisho. Fahali aliyemrudisha duniani alimwekea sharti: asile nyama yake. Fahali alipochinjwa, mama alificha mafuta, akayachanganya katika chakula cha mwanawe. Mrile akala, ardhi ikammeza.

Kumbe hila haikukosekana. Ilihamia nyumbani, mikononi mwa mzazi. Sungura huokolewa na uongo wake mwenyewe, nasi tukacheka. Mrile aliangamizwa na uongo wa mwingine. Huyu, wasomaji wangu, hachekwi, huliliwa.